UZI: Sintra kwa siku moja kutoka Lisbon. Tiketi ya Pena, ngome ya Wamoro, na yanayoharibu safari

#1 Mchora Ramani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Swali la Sintra hurudi humu kila kiangazi cha Ulaya kikikaribia, hasa kwa ndugu walioko huko au wanaopita Lisbon wakiwa na siku moja mkononi. Majibu huwa mafupi: nenda Pena, pazuri. Mwenye siku moja na treni ya kurudi anahitaji zaidi ya hapo. Naanzisha, wajuzi waongeze na kusahihisha.

Sintra iko Ureno, chini kidogo ya kilomita 30 kaskazini magharibi mwa Lisbon, kwenye mlima unaotazama Atlantiki. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, na haukuorodheshwa kwa jengo moja: ni mlima mzima pamoja na makasri, bustani na misitu iliyopandwa na watu.

Jambo la kwanza kulielewa: mji huu una ghorofa mbili. Chini ni mji mkongwe, wenyewe wanauita Vila, kama mita 200 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo lilipo Kasri la Taifa, lile lenye dohani mbili nyeupe za umbo la pia. Juu, kwenye mita 400 na kitu, ipo ngome ya Wamoro, yaani Waislamu waliotawala huko zamani, na juu yake zaidi Kasri la Pena. Kwenye ramani ya simu Vila na Pena zinaonekana majirani wa kuombana chumvi. Kwa miguu ni kupanda karibu saa nzima, na karibu makosa yote ya safari hii yanaanzia kwenye ramani hiyo.

Jambo la pili: siku nzima inaamuliwa na saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya Pena. Tiketi ziko za aina mbili. Ya bustani peke yake unaingia muda wowote, ila unapoinunua hakikisha kama inakufikisha hadi kwenye matuta na nyua za nje za kasri. Ya bustani na vyumba vya ndani ina saa maalumu, na bei yake ni takriban euro 20 kwa mtu mzima. Saa hiyo ni ya mlango wa kasri, si ya geti la barabarani. Kutoka getini hadi mlangoni ni kupanda ndani ya msitu, hesabu nusu saa kwa mwendo wa kawaida na foleni ya kukaguliwa. Ukichelewa umeipoteza nafasi, hata kama ulikuwa getini dakika 10 kabla. Hili ndilo linalowaliza watu wengi kuliko yote.

Halafu saa yenyewe. Tiketi inaandika 09:30, kwetu hiyo ni saa 3:30 asubuhi. 15:00 ni saa 9 alasiri. Unapomwandikia mwenzako mliyepanga kukutana, andika zote mbili.

Mpangilio ninaousimamia:

Treni ya kabla ya saa 2 asubuhi kutoka Lisbon. Basi namba 434 kutoka mbele ya kituo cha Sintra hadi Pena. Nafasi ya saa 3:30, ile ya kwanza. Pena inakula saa 2 na nusu pamoja na bustani. Kutoka hapo unashuka kwa miguu hadi ngome ya Wamoro, saa 1 na nusu. Kisha unaendelea kushuka kwa njia ya msituni hadi Vila, dakika 40 hivi. Unakula. Alasiri unachagua kimoja: Kasri la Taifa au Quinta da Regaleira, lile shamba lenye kisima cha kuzunguka. Siyo vyote viwili, na Monserrate, kasri jingine la nje kidogo ya mji, iachie siku nyingine.

Yaani kwa gari unapanda, kwa miguu unashuka. Magoti yatalalamika kidogo, lakini moyo na muda vitakushukuru.

#2 Bint Pangani

Asante sana mleta uzi, imenyooka. Naomba wajuzi wa treni: naona kituo kinatajwa Rossio, pengine Oriente. Kipi ni kipi? Na tiketi ya treni inanunuliwaje?

#3 Mzee wa Reli

Dada, vyote viwili vinafika, lakini ni treni tofauti. Ukilala katikati ya jiji, chukua Rossio. Treni inaanzia hapo kwa hiyo unapata kiti, na safari ni takriban dakika 40. Ukitoka uwanja wa ndege au ukiwa upande wa mashariki, panda Oriente. Huchukua kama dakika 50, na inapita Entrecampos na Sete Rios. Zote mwisho wake ni Sintra. Kituo cha mwisho kabisa ndicho chako. Kile cha kabla yake kinaitwa Portela de Sintra, watu hushuka hapo kwa sababu wameliona neno Sintra, wakajikuta mbali na basi la mlimani.

Rossio ina mtego mmoja. Kituo cha metro kiitwacho Rossio siyo kituo cha treni. Jengo la treni ni lile la mwaka 1890 lenye milango miwili ya umbo la kwato la farasi, na metro iliyo karibu nalo zaidi ni Restauradores. Ukiingia mlangoni hutaona treni: majukwaa yako juu, unapanda ngazi za umeme hadi kileleni. Ongeza dakika 10 kwa hilo.

Tiketi: unanunua kadi ya karatasi iitwayo Navegante kwa senti 50, kisha unaijaza. Kila mtu awe na kadi yake, kadi moja haipitishi watu wawili. Nauli ya kwenda ni takriban euro 2 na nusu. Ukiijaza kwa mtindo wa *zapping*, yaani salio la fedha linalokatwa kila unapogusisha, kadi hiyohiyo inafanya kazi kwenye metro na tramu za Lisbon. Kosa la kawaida ni kuchanganya: kadi yenye tiketi ya safari moja ambayo haijatumika haikubali salio, na yenye salio haikubali tiketi hadi salio liishe. Ikikugomea mashineni haijaharibika. Nunua nyingine ya senti 50, songa mbele.

Gusisha kwenye geti la kuingia, gusisha tena la kutoka Sintra. Kadi usiitupe, bila hiyo hutoki.

Na mashine za Rossio asubuhi ya kiangazi zina foleni ndefu. Jaza kadi jana yake usiku.

La mwisho: reli za Ureno huwa na migomo, hutangazwa siku kadhaa kabla. Neno lake ni *greve*. Ukiliona kwenye tovuti ya CP, shirika la reli la Ureno, badili siku au tafuta usafiri mwingine mapema.

#4 Msafiri wa Kisumu

Mimi naona mmezidisha treni. Si mtu akodishe gari tu aende na wakati wake?

#5 Mchora Ramani

Mkuu, gari ndilo chaguo baya kuliko yote hapa, na sababu ni za barabara yenyewe. Njia ya kupanda Pena ni nyembamba, ya upande mmoja, na barabara kadhaa za mlimani na mji mkongwe zimefungwa kwa magari ya wasio wakazi. Maegesho ya juu ni machache mno. Ukiwa na gari tayari, liache Portela de Sintra, kisha upande treni kituo kimoja au utembee.

Basi la 434 linazunguka upande mmoja tu: kituo cha treni, Vila, ngome ya Wamoro, Pena, halafu linashuka kurudi. Maana yake ukiwa Pena huwezi kulipanda kwenda ngome, lazima ushuke nalo hadi chini na kuanza upya. Ndiyo maana nikasema kutoka Pena unatembea. Geti hadi geti ni dakika chache tu, mteremko. Kwa Regaleira na Monserrate ni basi jingine, 435.

Bajaji zipo, tena nyingi, zinasimama nje ya kituo. Ni halali na zinapita njia nyembamba vizuri. Patana bei kabla ya kukaa, na uulize bei ni ya mtu mmoja au ya bajaji nzima. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

#6 Buruji

Niongezee kuhusu ngome, maana watu huipita mbio wakikimbilia rangi za Pena, na kwa msomaji wa pwani ya kwetu ngome ina mengi zaidi ya kumwambia.

Ilijengwa na Waislamu waliotawala rasi ile tangu karne ya 8. Mwanajiografia al-Bakri wa karne ya 11 aliitaja Sintra kuwa mahali pa ukungu usiokatika, na ukifika mwezi wa Julai ukakuta jua Lisbon na wingu zito mlimani utajua alikuwa anasema kweli. Mwaka 1147, baada ya Lisbon kuanguka, ngome ilijisalimisha kwa Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno. Kisha ikaachwa, ikaota miti. Aliyeiokoa ni mfalme Ferdinand II karne ya 19, yuleyule wa Pena, na alipenda ionekane kama gofu la kwenye mchoro. Kwa hiyo sehemu ya unachokiona ni marekebisho yake. Usidhani kila jiwe ni la karne ya 9.

Ukiingia, usipande ukutani moja kwa moja. Njiani tazama kwanza maghala ya nafaka yaliyochimbwa ardhini kama mitungi, kisha kanisa dogo la São Pedro de Canaferrim lililojengwa baada ya 1147, na ndani ya kuta birika kubwa la maji ya mvua. Ngome ya mlimani isiyo na birika haidumu wiki ikizingirwa. Halafu panda upande wa buruji ya kifalme, Torre Real. Huko ndiko unakopata picha nzuri ya Pena kwa mbali.

Sasa linganisha na Fort Jesus. Ile ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, wakati wa mizinga: kuta nene, za chini kiasi, pembe zinazochomoza ili kila upande ulindwe na mwingine. Hii ya Sintra ni ya wakati wa mishale na ngazi: kuta nyembamba zinazofuata mgongo wa mwamba, ulinzi wake mkubwa ni urefu wa mlima. Aliyeijua moja anaisoma nyingine kwa wepesi.

Hatari: njia ya juu ya ukuta ni nyembamba, upande wa ndani mahali pengi hauna kizuizi, na mawe yanateleza ukungu ukiyalowesha. Upepo wa kaskazini unasukuma kweli. Vaa raba zenye soli ya kushika, kofia iweke mfukoni, mtoto mshike mkono muda wote.

#7 Bint Pangani

Buruji, shukrani, hapo kwenye birika umenifungua macho. Je, huko Sintra kuna alama yoyote inayogusa historia ya pwani yetu moja kwa moja?

#8 Buruji

Ipo, dada, na inauma kidogo. Mfalme Manuel I, aliyetawala 1495 hadi 1521, ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, na kwa niaba yake Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Mfalme huyohuyo alilipanua Kasri la Taifa pale Vila. Ingia chumba kiitwacho Sala dos Brasões: dari la kuba lenye dhahabu, na nembo za koo 72 za mabwana wa Ureno zimepangwa kuuzunguka. Mali iliyoinua koo za namna ile ilitoka baharini, na bahari ile ni pamoja na yetu. Ukitaka kuiona dhahabu ya Kilwa yenyewe, haiko Sintra. Iko Lisbon, Museu Nacional de Arte Antiga, katika chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém kilichomalizwa 1506. Kilifuliwa kwa dhahabu ya kodi ambayo da Gama aliitoza Kilwa. Mswahili anayefika Lisbon asiondoke bila kusimama mbele ya chombo hicho.

Na Pena ilianza kama monasteri iliyojengwa na Manuel huyohuyo. Husimuliwa kwamba alikuwa akikaa mlimani kungojea matanga ya da Gama yakirudi. Hayo ni masimulizi, yachukue hivyo.

Ndani ya Kasri la Taifa usikose pia jiko. Zile dohani mbili zina urefu wa mita 33, na ukisimama chini yake ukatazama juu utaelewa ni wanyama wangapi waliokuwa wanabanikwa wakati wa uwindaji wa kifalme. Vigae vya ukutani ni vya zamani sana, vya mtindo wa Kiarabu. Hata neno lao *azulejo* asili yake ni Kiarabu. Halafu ni kasri lisilo na foleni ya kutisha. Mwenye magoti mabovu aanze na hili.

#9 Dakika Sifuri

Natofautiana na mleta uzi. Vyumba vya ndani vya Pena havina thamani ya bei ile kwa mwenye siku moja. Msururu unasukumwa kwa mstari mmoja, huwezi kusimama wala kurudi nyuma. Uzuri wa Pena uko nje: rangi, matuta, lango lenye sanamu ya Triton, nusu mtu nusu samaki. Tiketi ya bustani inatosha, na inakuondolea presha ya saa.

#10 Mchora Ramani

Mkuu hoja yako ina uzito kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, msongamano ni kama usemavyo. Lakini nafasi ya kwanza ya asubuhi ni hali nyingine kabisa, vyumba vinapumua. Na kuna vitu viwili ndani ambavyo nje havipo. Kimoja ni ua na kanisa la ile monasteri ya zamani, lenye altare ya alabasta iliyochongwa na Nicolau Chanterene karne ya 16. Cha pili ni vyumba vilivyowekwa kama vilivyoachwa mwaka 1910, ufalme ulipopinduliwa na malkia Amélia akaenda uhamishoni.

Rangi nazo zina maana: sehemu nyekundu ndiyo monasteri ya zamani, ya njano ni kasri jipya la Ferdinand, aliyeinunua monasteri ikiwa gofu mwaka 1838. Ukilijua hilo, jengo linaacha kuwa keki la rangi na unaona zama mbili.

Kwa hiyo: ukipata nafasi ya saa 3:30 au 4:00, nunua ya ndani. Ukikuta zimebaki za mchana tu, fuata ushauri wa Dakika Sifuri, na muda uliouokoa panda Cruz Alta, kilele cha mlima, mita 528. Huko watu ni wachache.

#11 Mama Wawili

Naomba msaada: nina mama wa miaka 70 na watoto wa miaka 4 na 9. Kuna namna?

#12 Mchora Ramani

Ipo, mama. Mtoto wa chini ya miaka 6 huingia bila malipo kwenye makasri ya mlimani na Kasri la Taifa, wa miaka 6 hadi 17 na wazee wa 65 kwenda juu wana punguzo. Bibi abebe kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Pena kuna kibasi kidogo kutoka getini hadi karibu na kasri, tiketi yake ni ya kuongeza euro chache, kata hapohapo. Baada ya kibasi bado kuna mwinuko mfupi na ngazi ndani.

Ngome ya Wamoro iacheni kabisa. Kigari cha mtoto hakipiti hata hatua 50. Nanyi msishuke kwa miguu, rudini na 434. Alasiri Kasri la Taifa, basi. Sehemu mbili zinawatosha.

#13 Kichwa Maji

Kile kisima cha kuzunguka kwenye picha zote ni wapi?

#14 Dakika Sifuri

Quinta da Regaleira, mwendo wa dakika 10 hadi 15 kutoka Vila. Ni shamba la António Augusto Carvalho Monteiro, tajiri mzaliwa wa Rio de Janeiro, na mchoraji wake Luigi Manini alikuwa fundi wa mapambo ya majukwaa ya opera. Ndiyo maana kila kona inaonekana kama pazia linataka kufunguliwa. Kazi kubwa ilifanyika kati ya 1904 na 1910.

Kisima kina kina cha mita 27 na hakikuchimbwa kwa maji. Ni mnara uliogeuzwa chini juu. Unaingilia juu, unashuka ngazi za kuzunguka, unatokea chini kwenye mahandaki. Ni njia ya upande mmoja, kwa hiyo foleni iko juu, na mchana inaweza kula saa nzima. Shamba hufunguliwa saa 4 asubuhi. Dawa ni mbili: kuwa getini hapo, kisha kwenda kisimani moja kwa moja bila kusimama, au kuingia alasiri sana, saa moja na nusu kabla ya mwisho wa kuingia. Handakini washa tochi ya simu, sakafu ina maji. Tiketi yake ni ya taasisi tofauti na makasri mengine, usidhani tiketi ya pamoja ya makasri hayo inaingia.

#15 Ukungu wa Asubuhi

Mmesahau hali ya hewa. Mlima unaukamata unyevu wa bahari, kwa hiyo juu kuna baridi kuliko Lisbon, nyuzi 5 na zaidi siku nyingine. Sweta na koti jepesi la mvua, hata Agosti. Ukungu ukiwa mzito asubuhi, mara nyingi hunyanyuka kuelekea saa 6 mchana, hivyo geuza mpangilio wa bustani: vyumba vya ndani kwanza, matuta baadaye.

Kubwa zaidi ni moto. Julai hadi Septemba, siku za hatari kubwa ya moto wa msituni, serikali hufunga mlima, na Pena na ngome hufungwa pamoja nao. Tazama tovuti ya Parques de Sintra, wasimamizi wa makasri ya mlimani, jioni ya kuamkia safari. Mkikuta umefungwa, vya mjini huweza kubaki wazi: Kasri la Taifa ndiyo kinga yenu.

#16 Bint Pangani

Na chakula? Kwa sisi Waislamu.

#17 Ukungu wa Asubuhi

Migahawa ya Vila ni ghali na nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata ndani ya supu ya mboga huwekwa vipande. Neno la kuliangalia ni *porco*, na *banha* ni mafuta yake, ambayo huingia kwenye baadhi ya maandazi. Uliza kabla. Samaki wa kuchoma ni salama zaidi. *Ginja* ya kwenye kikombe cha chokoleti ni pombe, watoto huidhania sharubati.

Vitafunwa viwili vya mji: *queijada*, kikeki kidogo cha jibini mbichi, mayai, sukari na mdalasini, na *travesseiro*, keki ya matabaka yenye rojo la lozi na viini vya mayai. Travesseiro kwa Kireno ni mto wa kulalia, na mfuko wake ni *fronha*, ndiyo foronya yetu. Zote mbili utazipata Piriquita pale Vila, duka lililoanza 1862. Foleni ya kununua na kuondoka ni fupi kuliko ya kukaa. Kula ya moto.

Ikiwa ni Ijumaa, Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, hivyo Sintra iwekeni siku nyingine.

#18 Msafiri wa Kisumu

Nimeelewa, gari nimeacha. Swali la mwisho: Cabo da Roca inaingia siku hiyohiyo?

#19 Mzee wa Reli

Inaingia ukikata kitu cha alasiri. Ni ncha ya magharibi kabisa ya Ulaya bara, jabali la mita 140 juu ya Atlantiki. Basi 1624 linatoka Sintra, linapita hapo na kuendelea hadi Cascais. Kwa hiyo usirudi Sintra: malizia Cascais, panda treni ya pwani hadi Cais do Sodré, Lisbon. Ile kadi yenye salio inakubalika kwenye treni hiyo. Piga picha ratiba ya basi kituoni kabla hujatembea kwenda jabalini, maana kati ya basi na basi kuna pengo, na upepo wa pale hauna pa kujificha. Uzio usiuvuke, kingo zinamomonyoka.